Laptopu imekataliwa na Windows 11: ulazimishe, ubaki na 10, uhamie Mint au ununue nyingine?

Toka Windows 10 ikatiwe huduma tarehe 14 Oktoba 2025 swali ni lile lile kuanzia Mwanjelwa Mbeya mpaka Kihesa Iringa, mtu ana EliteBook au ThinkPad yake ya mtumba, inapiga kazi vizuri tu, haijawahi kumsumbua, afu inamwambia haikidhi vigezo vya Windows 11. Akienda kwa fundi wa kwanza anaambiwa hiyo imeshapitwa nunua nyingine (na hiyo nyingine ipo hapo hapo kabatini kwa fundi), wa pili anamwambia iache, jioni njoo uchukue ikiwa na 11. Wote wawili hakuna aliyemuuliza hiyo laptopu anafanyia nini. Na jibu lote lipo hapo, maana jibu la mwenye steshenari Kabwe sio la mwanafunzi wa MUST na wala sio la mhasibu wa SACCOS kule Tukuyu.

Ila kabla ya kulinganisha chochote jua kwanza una mashine gani, na usisome stika, stika zinabandikwa na kubanduliwa kama za bodaboda. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, piga enta, tafuta mstari wa Processor. Ukiona i5-6300U, hiyo 6 baada ya kistari ndo jenereshini, yaani kizazi cha prosesa. i5-8350U ni ya 8. i5-10210U ni ya 10. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia ya 8 kwenda juu, ukiacha prosesa chache sana za ya 7 walizoziruhusu, na kwa AMD inaanzia Ryzen za 2000 na hata humo zipo zilizoachwa nje, hivyo ingia uangalie orodha ya Microsoft yenyewe. Kwa majina tunayoyajua mtaani: EliteBook 840 G1 ni jenereshini ya 4, G2 ya 5, G3 ya 6, G4 ya 7, na G5 ndo zinaanzia za 8. Latitude 7480 bado, 7490 inapita. ThinkPad T470 bado, T480 inapita. Lakini angalia hapa, G5 na T480 zilitoka pia zenye prosesa ya jenereshini ya 7 ndani ya bodi lile lile, na huwezi kuzitofautisha kwa nje, ndo maana nimesema msinfo32.

Sharti lingine ni TPM 2.0, kijichipu cha kutunza funguo za siri. Hii unaiona kwa kuandika tpm.msc kwenye kile kiboksi cha Windows na R. Afu mashine iwe inawaka kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine) yenye uwezo wa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), RAM isipungue GB 4 na disiki isipungue GB 64, hizi mbili za mwisho wengi tunazo.

Sasa kama laptopu yako ni jenereshini ya 8 au juu na bado imekataliwa, USINUNUE KITU na wala usimlipe mtu hela ndefu. Mara nyingi TPM imezimwa tu kwenye baiosi, zile seting za kabla windo haijawaka (kwa Intel itafute kwa jina la PTT, kwa AMD ni fTPM) au windo ya zamani ilipigwa kwa mtindo wa Legacy, ule wa kuwasha wa kabla ya UEFI. Kuingia baiosi HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1. Kama shida ni Legacy ipo programu ndani ya Windows 10 yenyewe inaitwa MBR2GPT inageuza disiki bila kufuta vitu, japo bakapu fanya, hata kama fundi anakuapia kwamba haifuti. Nyinyi mmemaliza, makala iliyobaki ni ya wenye jenereshini ya 7 kushuka chini, na ndo wengi huku kwetu.

Kwanini wanazikataa maana mtu anauliza, mbona i5 ya jenereshini ya 7 haina tofauti kubwa na ya 8? Kwa kasi ni kweli, kwa matumizi ya Word na yutyubu hutaona lolote. Sababu waliyotoa Microsoft mwaka 2021 ni usalama na kutoganda. Kuna ulinzi unaitwa Memory Integrity unaotenga sehemu nyeti ya windo isichezewe na programu mbaya, na ulinzi huo unataka prosesa yenye msaada maalum ndani yake ili usile kasi ya mashine. Intel waliuweka msaada huo kuanzia jenereshini ya 7. Ya 6 kurudi nyuma haina, windo inaigiza kwa programu na hapo mashine inaanza kuhema. Wakasema pia kwenye majaribio mashine zisizokidhi zilikuwa zinaanguka kwa asilimia 52 zaidi ya zile zinazokidhi. Sawa, lakini jenereshini ya 7 si ina huo msaada? Ina. Na kati ya chache walizoziruhusu ipo i7-7820HQ ambayo walikuwa wanaiuza wenyewe ndani ya kompyuta yao ya Surface Studio 2. Kila mtu na hesabu zake bwana.

Haya, njia ziko nne: kubaki na 10, kulazimisha 11, kuhamia Linux Mint (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows), au kununua nyingine. Nitazikalia sana mbili za katikati kwa sababu ndo zinagombaniwa.

Kubaki na Windows 10

Hii watu wanaidharau wakati kwa wengi ndo ya leo na kesho. Microsoft waliweka mpango wa nyongeza wa apdeti za usalama kwa watumiaji wa nyumbani mpaka 13 Oktoba 2026. Unaingia Settings, Update & Security, Windows Update, unajiandikisha. Njia ya kulipa ni dola 30, ipo ya pointi 1000 za Microsoft Rewards, na ipo ya bure ambapo unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kuwasha bakapu ya seting zako. Akaunti moja inabeba mpaka mashine 10, kwa hiyo familia nzima mnaweza kujibanza humo. Sharti windo yako iwe toleo la 22H2, kama umebaki na la zamani unaapdeti kwanza. Ofisi zenye mashine zilizounganishwa kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa sehemu moja) hazihusiki na huo wa bure, wao ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza na inazidishwa mara mbili kila mwaka unaofuata. Kwa laptopu ya jenereshini ya 5, dola 61 kila moja, hapo bora ukae chini upige hesabu upya.

Kuna mtu atakwambia mbona Defender inaendelea mpaka 2028. Ndiyo, antivairasi inapata taarifa za vairasi wapya mpaka Oktoba 2028, na Office ya Microsoft 365 nayo inazibiwa matundu mpaka hapo. Lakini hiyo ni antivairasi na Office, windo yenyewe ikipata tundu baada ya mpango kuisha hakuna wa kuliziba.

Kulazimisha 11

Inawezekana, tena sio uchawi. Rufus, ile programu ya kutengenezea flashi, ina kiboksi cha kuondoa masharti ya TPM, Secure Boot na RAM, unatiki, unasubiri, unapiga windo kama kawaida. Ipo na njia ya kuweka namba fulani kwenye rejista ya windo, zile seting zake za ndani, njia ambayo Microsoft wenyewe waliwahi kuiandika kwenye ukurasa wao kisha wakaitoa. Kama Windows 10 yako ilikuwa halali, leseni inahamia 11 bure, sasa anayekuchaji "hela ya leseni" juu ya hela ya ufundi muulize vizuri hiyo leseni ni ya nini.

Kinachofuata baada ya hapo ndo huwa hakisemwi dukani. Apdeti za kila mwezi kwa kawaida zinakuja, ila Microsoft wanasema wazi hawakuhakikishii kwamba zitaendelea kuja. Toleo jipya la mwaka (24H2, 25H2 na yatakayofuata) halitakujia lenyewe, kwa kawaida unashusha upya faili linalozidi GB 5 na kurudia ile ile kazi ya kulazimisha, na kila toleo la Home au Pro linahudumiwa miezi 24 tu. Maana yake umejiwekea miadi na fundi. Kama fundi ni wewe mwenyewe au mdogo wako, hamna neno. Kama uko Ileje au Ludewa na fundi wako yuko Mbeya mjini, toleo litaisha muda na hutajua, mashine itakuwa inaandika 11 lakini haina tofauti na 10 iliyoachwa.

Mambo mengine ya kushika kwenye njia hii. Usilazimishe juu ya HDD, hata kidogo. Windows 11 kwenye disiki ya kuzunguka unawasha, unaenda kununua maandazi, unarudi kale kaduara bado kanazunguka. SSD (disiki isiyozunguka) ya GB 256 na RAM ifike GB 8, ndo uanze kuongea, na hiyo SSD ni hela utakayoifurahia hata ukibaki na 10 au ukienda Mint. Jenereshini ya 6 kushuka ingia Windows Security, Device Security, Core isolation, uone Memory Integrity imewashwa au la, ukiizima mashine inapata pumzi, ukubali tu kwamba umezima kile kile kilichofanya waweke masharti. Na zile kompyuta za Core 2 Duo za maabara za shule usihangaike, kuanzia 24H2 windo inataka amri za prosesa ambazo hizo hazina kabisa na hakuna Rufus ya kuziongeza, haiwaki.

Umeme je. Laptopu nyingi za umri huu betri ni ya kusindikiza, ukichomoa chaja inazima hapo hapo. Ukianza kupandisha windo juu ya windo na umeme ukakatika katikati unaweza kuamka na skrini nyeusi. Azima betri nzima, tumia UPS, au fanya pale dukani penye jenereta.

Afu hili la akaunti, tafadhali lisome mara mbili. Windows 11 wakati wa kuiweka inataka intaneti na akaunti ya Microsoft. Fundi mwenye haraka anaingiza imeili yake ili amalize akupe mzigo wako. Kuanzia 24H2 windo ikiwekwa upya kwenye mashine yenye TPM na Secure Boot inaweza kuifunga disiki kwa kufuli la siri kimya kimya, na ufunguo wa kulifungulia, wenye tarakimu 48, unaenda kukaa kwenye akaunti iliyotumika. Siku umegusa baiosi kidogo, skrini ya bluu inakuomba tarakimu 48, na ziko kwenye imeili ya kijana ambaye siku hizi yuko Tunduma anauza simu. Kwa hiyo kaa naye, weka imeili yako mwenyewe, pasiwedi yako mwenyewe, na ule ufunguo uuandike pembeni.

Kuhamia Linux Mint

Hapa watu wanagawanyika kama Simba na Yanga, ngoja niseme ninavyoona. Mint kwa laptopu ya jenereshini ya 3 mpaka 7 ni nyepesi kuliko 11, haiulizi TPM, haiulizi prosesa ya mwaka gani ilimradi ni ya biti 64, RAM wanataka GB 2 na wanashauri 4. Faili lake ni kama GB 3 hivi, karibu nusu ya bando la 11. Toleo la 22 lililotoka Julai 2024 linahudumiwa mpaka 2029, na ni bure kabisa, hamna krack, hamna "activate windows" pale pembeni. Apdeti unachagua mwenyewe ufanye lini, ukiwa na bando la wiki hili ni jambo kubwa. Uzuri zaidi unaijaribu bila kuiweka: unawasha mashine kwa flashi (F12 kwa Dell na ThinkPad, F9 kwa HP), inafunguka yote, unajaribu waifai, sauti, kamera, printa, ukichomoa flashi laptopu yako ipo kama ilivyokuwa. Windows 11 haikupi nafasi hiyo.

Shida zake nazo ni za kweli. Waifai ya Broadcom kwenye baadhi ya Dell na HP za zamani haitaonekana mwanzo, unachomeka simu kwa waya, unawasha intaneti ya simu kupitia USB, unafungua Driver Manager inakushushia draiva, imeisha. Hiyo ndogo. Kubwa ni Word. LibreOffice, mbadala wa Office inayokuja na Mint, inafungua faili za Word ila ukurasa unaweza kusogea, jedwali likakatika, na kwa mwanafunzi mwenye ripoti ya utafiti yenye yaliyomo na namba za kurasa hilo ni tatizo. Nusu ya tatizo ni fonti tu: Mint haiji na Times New Roman, inaweka inayofanana nayo, na vyuo vyetu wanataka Times New Roman saizi 12. Weka kifurushi kinaitwa ttf-mscorefonts-installer, Times na Arial zinaingia, na mambo mengi yanarudi kwenye mstari. Calibri haimo kwenye hicho kifurushi ila ipo Carlito yenye vipimo vile vile. Hata hivyo kama msimamizi wako anarudisha kazi yenye maoni pembeni na marekebisho ya rangi rangi, kila wiki mnatumiana, mi nakushauri ubaki na Word yenyewe mpaka umalize kutetea hiyo kazi, ndo uhame.

Photoshop hakuna, CorelDRAW hakuna, Publisher hakuna. Wanaotengeneza kadi za harusi na mabango hapo mmeshajua msimamo wenu.

Na printa. HP LaserJet nyingi zinakubali Mint vizuri, zile ndogo zinataka uongeze plagini ya HPLIP (draiva za HP za Linux) na inabidi uwe na intaneti wakati huo. Epson za tanki wanazo draiva zao za Linux. Canon LBP2900, ile ndogo nyeupe iliyojaa steshenari zote kuanzia Mafiati mpaka Makambako, hiyo ni mtihani, utapoteza siku nzima na pengine isichape. Kwa mwenye steshenari swali la Mint linaishia kwenye printa aliyonayo mezani, mengine yote ni porojo.

Ila steshenari hiyo hiyo ina upande wa pili. Flashi za kila mtu zinaingia pale, za wanafunzi, za makanisa, za ofisi za kata, na vairasi wa kugeuza mafolda kuwa shotikati wanatembea humo. Mashine ya kupokelea flashi ikiwa na Mint unawaona wale shotikati wamekaa uchi pale, unawafuta, unafungua folda lililofichwa, kazi inaenda. Wenye mashine mbili au tatu nawashauri hivyo: ya kupokelea na kutafuta vitu mtandaoni iwe Mint, ya kuchapia na kudizainia ibaki Windows, ya 10 yenye ule mpango wa nyongeza kwanza, au 11 kama inakidhi. Mwenye mashine moja na Canon yake abaki Windows bila aibu.

ChromeOS Flex, mfumo wa Google, nayo ipo, inataka RAM GB 4 na disiki GB 16, ila haina Play Store, watu wanadhani itakuwa kama simu kubwa na sio. Ni ya mtu anayeishi ndani ya Gmail na Google Docs na mwenye intaneti ya uhakika. Kwa nyumbani watoto wasome, sawa.

Kununua nyingine

Nani hasa anunue? Anayeshika hela na taarifa za watu. SACCOS, famasi, zahanati, wakala mwenye vitabu vyote kwenye mashine moja. Hawa nisingewashauri kulazimisha 11 wala kukaa kwenye 10 baada ya Oktoba 2026, na Mint kama programu yao ya mahesabu ni ya Windows haiwasaidii. T480, 840 G5 au Latitude 7490 ya mtumba inayokidhi masharti yenyewe, basi, apdeti zinajiendea zenyewe na fundi unamwita kwa mambo mengine.

Ukinunua Mwanjelwa au ukiagiza Kariakoo ije na basi, mambo mawili nje ya ile msinfo32. Moja, ingia baiosi uone kama haina pasiwedi. Hizi zilikuwa za makampuni ya nje, zipo zinazokuja zimefungwa na muuzaji hasemi, na bila kufungua baiosi huwezi hata kuwasha TPM. Mbili, mwambie muuzaji aifanyie Reset kabisa afu aiunganishe na intaneti mbele yako wakati inaanza. Mashine ambayo bado imesajiliwa kwa kampuni ya zamani ikipata intaneti inakukaribisha kwa jina la hiyo kampuni na kutaka imeili ya mfanyakazi wao, na kuifomati hakusaidii maana usajili hauko kwenye disiki. Ikikuonyesha hivyo mrudishie hapo hapo. Kwa inayotoka Dar na basi, aipige video akiwa anafanya hivyo, namba ya siriali (serial number) ya chini ya laptopu ionekane kwenye hiyo video, na ikifika stendi uilinganishe na uliyopokea.